Zamu ya Wieland

Siku ya kwanza kaka yake hakutokea.

Traudel alisimama chini ya simba wa mawe, pale daraja linapoanzia upande wa Pest, mkoba kaubana kwapani, akimkagua kila mwanamume mrefu aliyepita. Wafupi nao hakuwaacha. Miaka tisa si haba. Huenda kumbukumbu ndiyo iliyomrefusha Wieland. Jua la Julai liliupiga mto Danubi mpaka maji yakang'aa kama bati jipya. Lothar, mumewe, alivua koti, akavua kofia, mwisho akaanza kuongea na simba.

"Mzee, hujamwona shemeji yangu? Ana miguu kama ngazi. Ukimwona mwambie watu wanaiva huku."

"Lothar, koma."

"Nakoma. Na huyu mwenyewe hajibu. Bi Ilonka kasema simba hawa hawana ulimi."

Bi Ilonka alikuwa mjane aliyewapangisha chumba kimoja kilichotazama ua wa ndani, wao wanne: Traudel na Lothar, binti yao Silke wa miaka kumi na mmoja, na mama yake Traudel, Bibi Elfriede, aliyeandamana nao kwa kisingizio kwamba magoti yake yanataka maji ya moto ya Budapest. Likizo ilikuwa ya kweli. Lothar alikuwa ameomba ruhusa kiwandani tangu majira ya baridi, na Silke alikuwa ameapa mbele ya darasa zima kwamba atarudi na rangi ya shaba. Lakini Traudel hakuja Budapest kwa ajili ya jua. Angeambiwa kaka yake anaonekana kwenye shimo la makaa ya mawe, angeshuka shimoni.

Ijumaa moja ya Agosti 1961 Wieland aliondoka nyumbani kwao Zwickau, Ujerumani Mashariki, na mfuko mdogo, akasema anakwenda Berlin kutafuta tairi la pikipiki. Jumapili yake mpaka ukafungwa, ukuta ukaanza kujengwa, naye akawa upande wa pili. Kurudi hakuweza, maana waliotoroka walikuwa wakisubiriwa na jela. Traudel naye kutoka hakuweza. Waliokubaliwa kwenda Magharibi kutembelea jamaa ni wazee waliokwisha kustaafu, watu ambao serikali haikuona hasara wakipotelea huko. Basi kila mwaka majani yalipopukutika, Bibi Elfriede alipanda treni kwenda Kassel kwa mwanawe, akakaa wiki nne, akarudi na kahawa nzuri na habari. Traudel alimkalisha jikoni akamhoji kama polisi. Bado anacheka kwa pua? Bado anatia chumvi kwenye tufaha? Nywele je? Mama alijibu, kisha akachoka, akasema, "Mwanangu, ni mtu tu. Ana afya. Niache nivue viatu."

Hungaria ilikuwa nchi ambayo wa huku na wa kule waliweza kuingia. Hawakuthubutu kuandikiana, kwa kuwa barua zilifunguliwa, hivyo mama ndiye aliyebeba mpango kichwani kutoka Kassel: kiangazi, Budapest, chini ya simba wa darajani, saa sita mchana.

Siku ya pili saa sita ilipita, ikafuata saa saba. Silke alikaa kwenye kivuli cha simba akila cheri na kutema mbegu mtoni. Bibi Elfriede alijipepea kwa gazeti asiloweza kulisoma.

"Mama," Traudel akasema, "alisema simba gani?"

"Simba wa darajani. Simba ni simba."

"Na kule mwisho wa daraja, vile vinavyoonekana ni nini?"

Wote wakageuka. Ng'ambo, upande wa Buda, chini ya kilima cha kasri, walilala simba wengine, wamekunja nyayo vilevile.

"Ebo!" akasema Lothar. "Jamaa kaoza upande wa pili."

Traudel hakungoja zaidi. Alishika njia ya daraja kwa miguu, nusu akikimbia, huku mabasi yakipita ubavuni. Katikati ya daraja alipishana na mwanamume mnene kiasi mwenye suti ya rangi ya mchanga, paji limepanda hadi utosini, anatembea upesi na macho kayapeleka mbele. Alimpita. Akapiga hatua chache zaidi, kisha miguu ikamgomea. Alipogeuka, yule naye alikuwa amegeuka.

"Kipanya?" akauliza.

Hilo ndilo jina alilomwita utotoni, na hakuna mwingine duniani aliyelijua. Lakini aliliuliza. Hakuliita, aliliuliza, kama mtu anayebisha mlango asio na hakika nao. Traudel alimwendea, akampiga kifuani kwa mkoba, mara moja, mara ya pili, na ya tatu akashindwa kwa sababu alikuwa amemkumbatia.

"Jana nilikuwa pale toka asubuhi!" Wieland akasema. "Nikadhani hamkupewa ruhusa. Nikadhani mmekamatwa."

"Na mimi nikadhani hukutaka kuja."

"Mimi? Nisitake?" Akacheka, na kicheko kikamtokea puani. Hapo ndipo Traudel alipoanza kulia.

Siku zilizofuata zilikuwa kama mtu aliyefungua kabati la sherehe. Wieland alikaa hoteli ya kando ya mto, wao kwa Bi Ilonka, lakini asubuhi kukipambazuka alikuwa ameshafika uani, anapiga mluzi, na majirani wanamchungulia kwa juu. Walipanda tramu za manjano wakashuka popote. Walikwenda kwenye bwawa lenye mawimbi ya mashine, Silke akamezwa na wimbi akaibuka anapiga chafya, mjomba wake akambeba mabegani mpaka mtoto akasahau kwamba wiki iliyopita mtu huyu alikuwa ni picha tu juu ya kabati. Bibi Elfriede alijitumbukiza kwenye maji ya moto pamoja na vibibi wa Kihungaria, akatoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akasema wameongea sana ingawa hakuna aliyemwelewa mwenziwe.

Mikahawani palikuwa na shida. Mhudumu alimwona Wieland, saa yake na viatu vyake, akaja mbio. Alipomwona Lothar alikumbuka ana kazi jikoni. Na kila ikifika wakati wa kulipa, mkono wa Wieland ulikuwa umeshafika.

"Shemeji," Lothar akasema siku ya nne, sauti imeshuka, "mimi sikuja huku kulishwa mdomoni kama kinda."

"Ah, Lothar, ni vijisenti."

"Kwako. Kwangu ni uso."

Wieland akarudisha pochi mfukoni. "Basi kesho ni wewe. Nitakula chochote utakachotupa, nisipokula nipige."

Kesho yake Lothar alinunua tikiti maji zima na mikate ya kukaangwa iliyopakwa kitunguu saumu, akawakalisha kwenye ngazi zinazoshuka mtoni. Walikula kwa mikono. Maji ya tikiti yalichuruzika kwenye suruali nyeupe ya Wieland, mafuta yakamalizia, na Lothar alipomwona shemeji yake amechafuka kama mtoto wa chekechea alimpenda tangu saa ile. Hakukuwa na mlo mwingine safari nzima uliopita ule.

Lakini Traudel aligundua jambo lililomtisha. Alikuwa akimkosa kaka yake hata akiwa amekaa naye. Alimtazama anavyopasua mkate, akamtafuta yule kijana wa pikipiki, akampata kwenye sikio moja, kwenye namna ya kukuna kidevu, kisha akampoteza tena. Wieland alisema "kwetu" na maana yake ilikuwa Kassel. Alisema "majirani zetu", "kanisa letu", "ule mti wetu", na kila "yetu" ilikuwa jambo ambalo dada yake hajawahi kuliona na hataliona. Alipotoa picha ya mapacha wake, wavulana wa miaka mitatu wenye mashavu, Traudel aliishika muda mrefu, akasema wamefanana na baba yao, wakati moyoni alikuwa akifikiri: watoto wa ndugu yangu, na nikipishana nao njiani siwajui.

Siku ya saba walipanda kilima cha kasri. Bibi Elfriede alipumzika kila baada ya kona, na walipofika kwenye roshani ya mawe inayotazama mji wote, Wieland aliwanunulia aiskrimu. Chini yao mto ulikuwa umetulia, madaraja yamejipanga, na bunge la ng'ambo limesimama na minara yake kama keki ya harusi. Kulikuwa na upepo mzuri. Silke aliegemea ukuta kati ya bibi yake na mjomba wake, akilamba aiskrimu kuizunguka ili isimwagike, na akasema bila hata kumtazama mtu:

"Mjomba, bibi akihamia kwako, nitaruhusiwa kubandika picha ukutani? Chumba kitakuwa changu, si ndiyo? Bibi kanipa tayari."

Wieland aliangalia viatu vyake. Bibi Elfriede aliangalia mto.

"Akihamia nini?" akauliza Lothar.

Silke akainua macho, akaona nyuso, akaelewa kwamba amevunja kitu asichokijua. "Bibi alisema… ilikuwa siri lakini nikadhani mama anajua. Siri ya kutowaambia watu wa shule."

"Silke," Lothar akasema taratibu, "njoo tukaangalie ile sanamu ya mpanda farasi. Njoo, mwanangu, njoo."

Wakabaki watatu. Traudel aliweka aiskrimu yake juu ya ukuta, ikaanza kuyeyuka.

"Tangu lini?"

"Traudel…" Wieland akaanza.

"Nimeuliza tangu lini."

"Tangu alipokuja mara ya mwisho."

"Miezi tisa! Na mlikuwa mnaniambia lini? Kwa kadi ya Krismasi?"

"Mama alisema atakueleza mwenyewe."

"Mimi nilisema ungemweleza wewe," mama akasema, bado anautazama mto. "Wewe ndiye mwanamume."

"Kwa hiyo ndicho kilichokuleta," Traudel akamwambia kaka yake. "Nami hapa ninalia, ninampiga mtu kwa mkoba, ninasema Wieland kanikumbuka. Kumbe umekuja kumchukua mama."

"Nimekuja kukuona wewe. Naapa. Lakini na hilo lipo, siwezi kukataa." Alikuwa amebadilika rangi. "Nisikilize. Umekuwa naye miaka tisa, Kipanya. Asubuhi unaamka yupo. Jioni unarudi yupo. Mimi ninapewa wiki nne, na wiki ya nne yenyewe anaanza kufunga mizigo. Wanangu wakiona sanduku wanalia. Sasa ni zamu yangu."

"Zamu? Mama ni baiskeli?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Wewe uliondoka kwa mguu wako. Mimi nikabaki. Nani alimpeleka hospitali alipovunjika nyonga? Nani alikwenda kuapishwa maofisini kueleza kaka yake kaenda wapi, akanyimwa kazi ya maana miaka mitatu? Kuondoka umeondoka wewe, na kuzawadiwa uzawadiwe wewe."

Bibi Elfriede akageuka. "Mimi si zawadi," akasema. Lakini Traudel alikuwa ameshaanza kushuka kilima.

Asubuhi yake alikataa kutoka. Alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Lothar alikuwa ananyoa ndevu kwenye bomba la uani, kioo kakitundika kwenye ndoano ya kutundikia mazulia, na Bi Ilonka amekaa kwenye kigoda anamenya njegere.

"Nina miaka kumi na miwili na mama yako," Lothar akasema, povu mdomoni. "Kumi na miwili, ananiita 'yule'. 'Yule amekula?' 'Mwambie yule afunge mlango.' Siku moja tu aliniita Lothar, nilipougua homa ya mapafu. Nikajua ninakufa."

Traudel aliendelea kukamua shati.

"Nitamkosa," Lothar akasema. "Ndicho nilichotaka kusema. Lakini mke wangu, yule mzee hakukuibia kitu. Yeye ni wake mwenyewe."

Bi Ilonka, ambaye alijua Kijerumani kuliko walivyodhani, alitia njegere bakulini akasema, "Mwanangu wa kiume yuko Toronto. Toka mwaka hamsini na sita, vifaru vya Urusi vilipoingia." Akaendelea kumenya.

Mchana Traudel alimchukua mama yake kwenye kisiwa kilicho katikati ya mto, wao wawili tu. Walikaa kwenye benchi karibu na bustani ya waridi. Wazee walikuwa wakicheza sataranji karibu yao, na mwanamke mmoja alimfundisha mtoto kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake kashika kiti.

"Sema basi," Traudel akasema.

"Umenikasirikia."

"Ndiyo."

"Vema. Ukininyamazia ningeogopa." Bibi Elfriede alivua kofia, akaiweka pajani. "Wewe umeniona nikizeeka. Kidogo kidogo, kama mtu anavyoona nywele za mtoto zikikua. Hukushtuka. Yeye kila mwaka anafungua mlango anamkuta bibi mwingine. Ninamwona usoni anavyohesabu. Mwanamke gani anapenda kuhesabiwa na mwanawe?"

"Anaweza kuhesabu wiki nne. Wengine hatuna hata moja."

"Utazipata wewe. Zile wiki nne. Nikishakuwa mtu wa kule, naweza kuomba kuja kuwatembelea. Na kiangazi, hapa, sote."

"Hapa si kwetu, mama."

"Si kwetu. Lakini hapa ndipo wanapotuachia."

Mtoto wa baiskeli alianguka, akainuka, akaanguka.

"Kuna jingine," mama akasema. "Nimelizunguka mwaka mzima sikupata pa kulishikia. Nikifa Zwickau, Wieland haji kunizika, watamkamata langoni mwa makaburi. Nikifa Kassel, wewe huji, hawatakupa ruhusa. Mmoja wenu atakosa tu. Nimejaribu kugawa nimeshindwa. Basi nikasema, aliyenikosa nikiwa hai ndiye anizike. Na aliyenipata nikiwa hai atanisamehe."

Traudel alishindwa kumtazama. Aliangalia mikono ya mama yake juu ya ile kofia, mikono iliyomsuka nywele, iliyomfunga kamba za viatu, yenye madoa ya uzee ambayo kweli hakuyaona yakianza.

"Ukiniambia nisiende, siendi," mama akasema.

"Usinitwike hilo. Tafadhali, usinitwike."

"Basi sikutwiki."

"Nataka kukwambia usiende. Nataka kulala chini nipige miguu kama Silke alipokuwa mdogo."

"Najua."

"Sitasema."

"Najua," mama akarudia, na akaushika mkono wake, na walirudi mjini kwa tramu wameshikana hivyo, kama wasichana wa shule.

Traudel na Wieland hawakusemezana siku hiyo wala iliyofuata, zaidi ya "nipishie chumvi". Siku ya mwisho kabla ya safari ndipo Wieland alipokuja uani bila mluzi, akasimama chini akaita, "Kipanya, njoo tutembee. Bila watu."

Hawakuwa na pa kwenda. Walipanda tramu iliyokuja kwanza. Ilipita kando ya mto, ikaacha majumba makubwa, ikaingia mitaa ya viwanda, magenge ya nyanya na pilipili, viwanja vya mpira vyenye vumbi. Mwanzo walikaa kama abiria wasiojuana. Kisha Wieland akaanza kumweleza mambo madogo: kwamba mkewe Annegret ana hofu ya radi, kwamba pacha mmoja anaongea na mwenzake anatafsiri, kwamba ghalani anakofanya kazi kuna mzee wa Zwickau, na wakikaa wawili wanaongea kwa lafudhi ya nyumbani mpaka wengine hawawaelewi.

"Ulipoondoka," Traudel akauliza, "ulijua?"

"Nilijua ninaondoka. Sikujua mlango utafungwa. Nilidhani nitakuja Krismasi na viatu vya mpira kwa ajili yako."

"Nilivingoja."

"Saizi thelathini na saba."

"Thelathini na nane. Mguu ulikua."

Tramu ikafika mwisho wa reli. Kondakta akawaambia kitu, bila shaka kwamba washuke. Wieland akamnyooshea sarafu za tiketi nyingine, na tramu ikageuka ikarudi nao wamekaa palepale. Hakuna kati yao aliyependekeza kushuka. Walipofika upande wa pili wa mji wakalipa tena. Jua liliingia dirisha la kulia, kisha la kushoto. Kuna mahali Traudel alilaza kichwa kwenye bega la kaka yake, na bega lilikuwa nene na geni na lilinuka sabuni asiyoijua, na hakukiinua.

Treni ya Wieland ya kwenda Vienna iliondoka mapema kuliko yao ya kwenda Praha, kutoka stesheni hiyohiyo. Bibi Elfriede asingeweza kwenda naye; kibali chake kilikuwa cha Hungaria na kurudi tu, ilimpasa arudi nyumbani akaanze kuomba kwa utaratibu. Wieland alimbusu mama, akamrusha Silke juu ingawa alikuwa mkubwa kwa mchezo huo, akampa Lothar mkono, kisha akabadili nia akamkumbatia.

"Shemeji, mwakani tikiti ni langu," akasema.

"Mwakani uje na suruali nyeusi," Lothar akajibu.

Ilipofika kwa dada yake, alilikamata sanduku. Alipanda, akateremsha kioo cha dirisha, akachungulia. Filimbi ilikuwa imepigwa. Hapo ndipo Traudel aliposogea karibu na behewa akaanza kusema kwa haraka, kama mtu anayekabidhi zamu kiwandani.

"Kahawa asinywe jioni, halali. Mguu wa kushoto ndio wenye nyonga mbovu. Usimwache apande ngazi na mzigo, atakwambia anaweza, hawezi. Akikwambia hana njaa, mwekee sahani tu, nenda zako, atakula. Na akianza kuimba peke yake jikoni usiingie, ataacha. Simama nje usikilize. Wieland, umesikia? Simama nje."

"Nimesikia."

"Rudia."

"Kahawa. Nyonga. Ngazi. Sahani." Alikuwa ameushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Nisimame nje."

Treni ikajivuta. Bibi Elfriede alikuwa amewapa mgongo, anashughulika na pini ya kofia ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Bibi Elfriede aliondoka Zwickau mwezi wa Novemba, na masanduku mawili na mto wake wa kulalia. Silke alipewa chumba akakataa kukiingia mpaka Krismasi ipite. Jumapili moja Traudel alikanda maandazi ya viazi, akatenga sahani nne mezani. Lothar alikaa, akaitazama ya nne, akaivuta kwake akaila yote, na usiku akaumwa tumbo.

Kiangazi kilichofuata mama alikuja Budapest na Wieland, amenenepa, analalamika kwamba mkate wa Kassel hauna uso wala nyuma. Huo ndio uliokuwa mwaka wao mmoja mzuri, na hawakujua. Februari ya 1972 Bibi Elfriede alilala mchana kwenye kiti huko kwa Wieland, mapacha wakicheza sakafuni, hakuamka. Simu ya maandishi ilimfikia Traudel kazini. Aliomba ruhusa asubuhi ileile. Afisa wa vibali aliyempokea hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akampa na maji, kisha akamwambia haiwezekani. Saa ya mazishi Traudel alivaa gauni jeusi akakaa na Lothar na Silke jikoni, madirisha yamefungwa, mpaka alipokisia kwamba sasa watu wa Kassel wameondoka makaburini.

Haukupita mwaka, sheria zikalegezwa. Waliotoroka zamani wakasamehewa, na Julai ya 1973 Wieland akaja Zwickau. Aliingia kwenye jiko alilokulia, akagonga kichwa kwenye taa, akakaa. Alimweleza dada yake mazishi yote toka mwanzo: nani alikuja, mchungaji alisema nini, mapacha walivyouliza kama bibi atapata baridi. Traudel alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha wakaishiwa. Miaka kumi na miwili walikuwa wameomba jiko lile, na sasa walikaa ndani yake kama wageni waliofika mapema, kila mmoja akitazama kiti cha mama karibu na jiko la makaa.

"Unamkumbuka yule mzee wa mahindi ya kuchemsha?" Wieland akauliza. "Pale gatini. Mama alivyogombana naye?"

"Kwa Kijerumani. Naye anajibu kwa Kihungaria."

"Na mwisho akampa mawili ya bure."

"Matatu," Lothar akasema kutoka mlangoni. "La tatu nilikula mimi."

Wakacheka, kisha kicheko kikatulia, na Traudel akaona kwamba wote watatu walikuwa wanatazama dirishani, upande wa kusini, iliko Budapest, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa jirani na nguo zake kwenye kamba.

"Sasa shemeji unaweza kuja hapa wakati wowote," Lothar akasema. "Hatulazimiki tena kwenda kuungua kule."

"Hatulazimiki," Wieland akakubali.

"Bi Ilonka bado anapangisha?" Traudel akauliza.

Hakuna aliyejua. Silke, ambaye sasa alikuwa mrefu kuliko mama yake, alisema kutoka chumbani kwamba njia ya kujua ni moja tu, na Lothar akaenda kutazama kalenda ya kiwanda iliyotundikwa nyuma ya mlango, akihesabu kwa kidole siku za likizo zilizombakia.